Mashine Isiyokwama na Tone Moja la Gundi

Bi Alfhild, mshauri wetu wa gazetini kila Alhamisi, pokea salamu zangu na unisikilize mpaka mwisho, maana sijawahi kumwomba mtu msaada tangu nizaliwe, hata siku ile upepo ulipoling'oa paa la zizi nililishika mwenyewe kwa mkono mmoja mpaka shemeji yangu akaja na kamba, lakini hili la sasa limenishinda, na Jumamosi inakuja.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nne, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe huku Jutland ya magharibi, shule niliiacha darasa la saba kwa sababu mwalimu hakuzijua hesabu za gia na mimi nilizijua, tukawa hatuelewani. Wapwa zangu wote kumi na mmoja wananiita Mjomba Mashine, na siku hizi hata muuza samaki wa pale Skjern ananiita hivyo hivyo. Burudani yangu ni vitofali. Usicheke, mama. Sisemi vile vya kupanga vijumba vya wanasesere, nasema vile vya ufundi, vyenye matundu na pini na ekseli na gia, ambavyo ukivifunga mota na kisanduku cha betri vinakuwa mashine kweli kweli, vinanyanyua, vinavuta, vinageuka, na ukitega sikio unavisikia vinapumua. Mimi nimejenga lori la mota nne lililomvuta ndama wa shemeji yangu kutoka kwenye matope, na shahidi yupo, ni ndama mwenyewe, sasa ni ng'ombe mzima. Nimejenga gia kumi na nane zinazopunguzana mwendo, moja kwa nyingine, hivi kwamba ya kwanza inazunguka kama feni na ya mwisho itamaliza duara moja siku ambayo wajukuu wa wajukuu zangu watakuwa wameshasahaulika, na watu wanabisha kwamba haiendi, lakini mimi nimeiona kwa macho yangu ikisogea, ilikuwa Jumanne.

Sasa nisikilize hapa ndipo penyewe. Tuna chama cha wajenzi, watu wazima ishirini na wawili, tunakutana Alhamisi jioni katika jengo lililokuwa kiwanda cha maziwa, na kila mwaka tunafanya maonyesho. Kazi yetu kubwa ni mstari wa vijipira. Kila mtu analeta mashine yake moja, ukubwa wa sinia la mikate, na mashine hiyo inapokea vijipira vidogo kama zabibu katika kikapu chake cha kushoto, inavinyanyua au inavirusha au inavicheza vyovyote inavyojua, halafu inavimwaga katika kikapu cha jirani wa kulia. Jirani naye hivyo hivyo, mpaka mashine ishirini na mbili zinakuwa mnyama mmoja mrefu anayezunguka ukumbi na kujilisha mkia wake. Ukiviona vijipira mia tano vinatembea vyenyewe kutoka kwa mtu hadi kwa mtu utasahau ulikuja kufanya nini duniani. Lakini mashine moja ikikwama, zote nyuma yake zinafurika, vijipira vinamwagika sakafuni, watoto wanavikimbilia chini ya meza, na sheria yetu ni kwamba aliyekwamisha mstari anaoka keki ya Alhamisi inayofuata.

Mimi kwa miaka sita sijaoka hata keki moja. Nimekula za wenzangu, za tufaha, za karafuu, za malai, mpaka nimeongeza tundu la mkanda. Mashine yangu ni mkono unaoinama kikapuni, unateka vijipira kumi kwa mpigo, unainuka, unageuka nusu duara na kuvimwaga taratibu kama mtu anayemimina kahawa kwa wageni, na haijawahi kukwama mbele ya watu, na chama kikanitengenezea kibao cha kuning'iniza mbele yake, kimeandikwa MASHINE ISIYOKWAMA na jina langu chini yake. Watu wametoka hata Viborg kuja kuipiga picha.

Nikueleze pia habari za Gunvor, maana bila yeye barua hii haiendi. Gunvor ana miaka sabini na mmoja, miaka thelathini alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo kule Herning, na Bi Alfhild, mimi ni mtu ninayejua kujisifu lakini kwa mama yule navua kofia na nywele. Anajenga kwa mota moja ndogo kile ambacho sisi tunajengea mota tatu. Mashine yake inapandisha vijipira ngazi kwa ngazi kwa mwendo wa sindano, juu chini, juu chini, na haina kelele, unasikia tu kitu kama mtu anayeshona chumba cha pili. Gia ikilia kokote ukumbini yeye anachukua mwiko wa mbao, anaegesha mpini kwenye fremu ya mashine na mwiko wenyewe sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Gia ya tatu kutoka kwenye mota, inasuguana na ukuta," na ukifungua ni ya tatu. Siku moja nilimwambia, "Gunvor, ungezaliwa mwanamume ungekuwa injinia." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Na wewe ungezaliwa kimya ungekuwa fundi." Ukumbi ukacheka wiki nzima.

Chama chetu kina miiko mitatu: usikate, usibandike, usipake mafuta. Kitofali ni lazima kiachane na mwenzake kwa mkono wa mtu, kiwe kama kilivyotoka kwenye boksi, ili mtu yeyote akinunua vipande vilevile aweze kuijenga mashine ileile, na ukikata au kubandika unakuwa umedanganya mchezo. Na uko mwiko wa nne ambao haujaandikwa popote kwa kuwa kila mtu anaujua: hugusi mashine ya mwenzako bila kuombwa.

Basi mimi nilibandika.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, kabla ya maonyesho yangu ya kwanza. Mkono wangu ulikuwa ukibeba vijipira sita ni shwari, lakini ukibeba kumi ekseli ilikuwa inateleza na kutoka kwenye gia yake, krrrr-tak, mkono unaanguka. Wiki tatu nilihangaika. Nilibadilisha gia, nilizidisha ukuta, niliomba kwa Mungu, krrrr-tak. Jumapili moja mchana mke wangu Bodil alikuwa kwa dada yake, nikafungua droo, nikatoa gundi ile kali ya kubandikia kila kitu, nikaweka tone moja pale ekseli inapoingia kwenye gia, tone dogo kuliko jicho la kuku. Mkono ukabeba kumi. Nikaenda maonyesho, nikapigiwa makofi, nikawa mtu.

Na ningenyamaza na tone langu lisingemdhuru mtu, ila mimi sikunyamaza. Miaka minne iliyopita mwenzetu mmoja, Ejvind, mtu mpole anayefundisha watoto filimbi, alileta mashine mpya, nzuri ajabu, kinu cha upepo kinachopokezana vijipira kwa mabawa yake. Mimi nilikuwa ndiye mkaguzi wa miiko, nilijichagua mwenyewe. Nikaitoa ekseli moja nikaiinua juu ya kichwa ukumbi mzima waone, nikasema, "Jamani, huyu amenyolewa!"

Ejvind akawa mwekundu. "Ni milimita mbili tu, Mashine. Hakuna ekseli ya urefu huo."

"Basi na wewe usijenge mashine ya urefu huo!"

"Nilidhani nitaiuliza kamati kwanza..."

"Kamati ndiyo mimi. Ondoa mezani. Leo umekata ekseli, kesho utatuletea mashine ya mbao."

Watu wakacheka. Ejvind hakucheka. Akapakia kinu chake katika kasha la ndizi, kipande kwa kipande, taratibu, akaondoka na hakurudi mpaka leo. Gunvor alikuwa amekaa mbele yangu, akasema tu, "Mashine, kahawa yako inapoa." Nilidhani anasema habari za kahawa.

Sasa tuje kwenye Jumamosi. Chama chetu kina heshima moja ambayo mashine haipewi mpaka ikae mstarini miaka sita bila kukwama: inavunjwa. Ndiyo, inavunjwa, mbele ya wageni wote, mezani penye kitambaa cheupe na bendera ndogo ya taifa juu ya kijiti chake kama siku ya kuzaliwa. Mwenzako anayechaguliwa kwa kura anaichomoa kipande kwa kipande, kila hatua inachorwa, halafu anaijenga upya kwa vipande vipya, na mbili hizo zinawekwa ubavu kwa ubavu zikicheza pamoja. Michoro inawekwa kwenye kabati la chama na mashine yako haifi tena. Katika historia yetu zimevunjwa tatu tu. Alhamisi iliyopita ikatangazwa kwamba ya nne ni yangu. Kura ikapigwa kwenye kikombe, mwenyekiti akachomoa karatasi, akasoma, "Gunvor."

Bi Alfhild, nilitoa jasho la Agosti na tuko Oktoba. Yule mama na masikio yake! Gundi yangu mbele ya bendera!

Basi nikaomba kuichukua mashine nyumbani eti niifute vumbi. Jana Jumamosi mchana nikaiweka mezani baada ya samaki wa siki na mkate mweusi, nikaandaa koleo na ekseli mpya na gia mpya, nikasema nitaivunja ile iliyogandana, nitafunga nyingine, nitatafuta njia ya halali, nitakufa lakini nitaipata. Nikaishika ekseli nivute kwa nguvu zangu zote, na unajua nguvu zangu, na ikatoka. Ikatoka hivi hivi, laini, kama mtu anavyotoa mguu kwenye kiatu.

Hakuna gundi. Wala alama ya gundi. Na ekseli si ile yangu. Yangu ilikuwa nyeusi, ya kawaida, na hii ni ya kijivu na ina kichwa upande mmoja kama msumari, haiwezi kuteleza na kupita tundu lake hata uibebeshe tembo. Ndiyo jibu, Bi Alfhild! Jibu lenyewe, la halali, kipande cha kawaida ninacho mia moja kwenye droo, na mimi wiki tatu sikukiona. Na pembeni yake pamefungwa bushi mbili nyembamba za kushikilia, na kila bushi ina mfuo mdogo, na mifuo yote miwili imeelekezwa juu, sawasawa, kama askari. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeelekeza mifuo ya bushi juu. Alizoea hivyo kwenye cherehani, ili aone haraka kama kitu kimezunguka mahali ambapo hakitakiwi kuzunguka.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Nikakumbuka kwamba maonyesho ya mwaka wa pili Gunvor ndiye aliyekuwa na funguo za ukumbi. Nikakumbuka alivyoniambia mwaka uliofuata, "Mkono wako siku hizi unaunguruma vizuri," na mimi nikamwambia asante, ni mafuta ya kichwani, yaani akili. Miaka mitano, mama! Miaka mitano nimepigiwa makofi kwa ekseli ya mtu mwingine. Na siku nilipomwinulia Ejvind ekseli yake juu ya kichwa, huyu mama alikuwa ameshakaa na gundi yangu mfukoni mwaka mzima, na akaniambia kahawa inapoa.

Nikamwita mke wangu nikamweleza yote. Bodil anakunja nguo zake, hajashtuka.

"Mimi nilijua kuna gundi," akasema.

"Ulijuaje?"

"Jumapili ile nilirudi nikakuta kidole gumba chako kimegandana na cha pili, ukaniambia ni baridi. Mwezi wa saba."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na furaha. Nikasema atasema mwenyewe. Nikangoja. Bado nangoja."

"Sasa nifanye nini, mke wangu?"

"Usiniulize mimi, mimi nimeolewa na wewe, siwezi kuhukumu vizuri. Mwandikie yule mama wa gazetini, unayejifanya humsomi."

Ndiyo maana nakuandikia. Unaona ilivyo. Mashine sasa ni safi. Jumamosi Gunvor ataivunja, haitapatikana gundi, wageni watapiga makofi, michoro itaingia kabatini na jina langu juu yake, na hakuna atakayejua chochote isipokuwa mimi na Bodil na Gunvor. Nikinyamaza, napata heshima ambayo watu wanangoja maisha yao yote. Nikisema, navuliwa heshima hiyo mbele ya wapwa zangu kumi na mmoja ambao wote watakuja, na tena nitamtia Gunvor aibuni, kwa sababu yeye naye amegusa mashine ya mwenzake bila kuombwa, na huo ni mwiko mkubwa kuliko gundi. Je, si uungwana kunyamaza ili kumlinda mama wa watu? Nisaidie haraka, na jina langu tafadhali lifiche.

Ni mimi,
Mjomba Mashine, Jutland ya magharibi


BI ALFHILD ANAJIBU

Mjomba Mashine,

Nimekusikiliza mpaka mwisho. Haikuwa kazi ndogo.

Jina lako nimelificha. Majina ya wenzako nimeyabadilisha mimi mwenyewe, maana wewe uliyekumbuka kujifunika ulisahau kuwafunika wao. Lakini hilo la Mjomba Mashine nilikupigia simu Jumatatu kukuomba tulitoe, pamoja na mkono unaoteka vijipira kumi na kibao na watu wa kutoka Viborg, kwa sababu mashine ya namna hiyo iko moja tu nchi nzima na mtoto yeyote wa Skjern atajua ni ya nani. Nikakwambia, "Ukichapa hivi umeshasema." Ukanyamaza kidogo, jambo ambalo nadhani lilikuchosha, halafu ukaniambia, "Chapa yote, mama. Usipunguze hata neno, hasa pale pa ndama." Kwa hiyo usijidanganye kwamba ulikuja kuomba ushauri. Ulikuja kutafuta mtu wa kukusukuma mgongoni. Haya, nakusukuma.

Kwanza sifa zako, kwa sababu najua huli chakula bila hizo. Mimi nilisimama mbele ya mstari wenu mwaka jana nikaacha basi langu liondoke. Niliutazama huo mkono ukimimina, nikasema aliyeubuni ni mtu mwenye subira na upendo, na bado nasema hivyo. Ubunifu ni wako. Wiki tatu za kuhangaika ni zako. Ekseli moja ya kijivu haikuondolei hayo. Na nikwambie kilichonigusa kuliko yote: ulifungua mashine, ukaona mifuo miwili imeelekea juu, ukamjua mtu. Watu wanaishi nyumba moja miaka arobaini na hawajuani hivyo. Mtu anayeweza kuona vile hana moyo uliooza. Ana mdomo tu.

Sasa tuje kwenye mdomo.

Gundi ni upuuzi. Uliweka tone kwa sababu ulishindwa na ulikuwa unaogopa, nani hajawahi? Ungemwambia Gunvor siku ile angekuchekea dakika mbili na kukupa hiyo ekseli yenye kichwa, na leo hatungekuwa hapa. Kosa lako halimo kwenye mashine hata kidogo. Kosa lako ni siku uliyoinua milimita mbili za mwenzako juu ya kichwa ili watu wacheke, huku ukijua nyumbani kwako kuna nini. Umeandika kurasa nzima za gia, na Ejvind umempa kifungu kimoja. Nimevihesabu. Mtu aliyefanya kazi nzuri ajabu, maneno yako mwenyewe, alipakia kazi hiyo katika kasha la ndizi wewe ukimtazama, na miaka minne hujaenda kumgongea mlango. Hujaniuliza hata anaendeleaje. Umeniuliza tu kuhusu makofi yako.

Na hii habari ya kunyamaza ili kumlinda Gunvor, iache kabisa. Mama wa miaka sabini na mmoja aliyekesha na cherehani za kiwanda kizima hahitaji wewe umlinde. Umeona sketi pana ukataka kujificha nyuma yake. Alivunja mwiko, ndiyo, na alijua anachofanya: alikuokoa usiumbuke, akakaa kimya, akakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Mkeo naye akakupa nafasi hiyohiyo. Wanawake wawili wamekungoja kwa uvumilivu wa kutisha, na wewe mmoja ukadhani anazungumzia kahawa, na mwingine ukamdanganya kwa baridi.

Basi fanya hivi. Chama chenu kinakutana leo jioni. Fika mapema, mkute Gunvor peke yake, mwambie umeiona ekseli na umeiona mifuo, mshukuru, halafu muulize kama anataka atajwe Jumamosi. Akikubali, mtaje. Akikataa, sema "mtu mwingine" na usimtazame unaposema, maana nakujua utamtazama. Jumamosi, kabla hajachomoa kipande cha kwanza, simama mbele ya bendera na wapwa zako wote, ushushe kile kibao kwa mkono wako na useme kwa ufupi kwamba ulibandika, kwamba ulimfukuza mwenzako kwa kosa dogo kuliko lako, na kwamba mashine haikukwama kwa sababu mtu mwingine aliitengeneza ukiwa hujui. Ufupi, Mjomba. Bila paa la zizi. Kisha iache ivunjwe, kwa sababu inastahili kuchorwa, na kwenye michoro yaandikwe majina yanayotakiwa kuandikwa. Wapwa zako watakutazama, kweli. Wameshasikia habari za ndama mara mia. Waache mara moja wasikie kitu ambacho hawatakitilia shaka. Keki za miaka sita oka wewe, si Bodil, na ya kwanza ikiungua ipeleke hivyohivyo. Na ukaguzi wa miiko urudishe kwa kamati, hiyo ya watu wengine.

Ila hayo yote yanakuja baada ya Ejvind, na Ejvind ni leo asubuhi. Wala si kwa simu, wala si kwa kadi. Gazeti hili linaingia milangoni kabla ya saa moja, na itakuwa aibu ya mwisho akisoma hapa kabla hajasikia kwako, kwa hiyo liweke chini sasa hivi, vaa koti, nenda. Akifungua, mwambie ulimkosea, mwambie na wewe ulibandika, mwambie kiti chake kipo. Mwombe alete kinu chake Jumamosi kama kilivyo, na milimita zake mbili, na kama kamati itagoma kukipokea wewe ondoa mashine yako mstarini ukae naye nje. Baada ya hapo nyamaza. Akifunga mlango, ana haki, rudi tena kesho. Akikukaribisha, vua viatu, kaa pale atakapokuonyesha, na umwache aongee mpaka amalize.